Motokari ya muzee inalala nyuma ya nyumba: kuifufua ao kuiuza vyuma?

Hapa Kingi, na katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kuko familia zenye motokari ya zamani iliyosimama miaka mingi nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya baba ao ya babu. Ilibeba maharagwe na fromaji, ilibeba wagonjwa, ilibeba bibi arusi. Kisha vita ikaja, ao pyese moja ikakosekana, ao muzee mwenyewe akafariki, na gari ikabaki pale pale. Kuku wanataga mayai kwenye kiti cha nyuma, watoto wanacheza na usukani.

Siku moja anafika mununuzi wa vyuma na mizani yake. Hapo mabishano yanaanza ndani ya familia. Mkubwa anasema: tuiuze, tugawane feza. Mdogo anasema: hapana, hii ni gari ya baba, tuitengeneze. Makala hii ni kwa ajili ya wote wawili. Tutaeleza namna ya kujua kama gari inaweza kufufuka, kazi inaanzia wapi, na mambo gani yanaweza kukuharibia feza ao kukuondolea maisha.

Gari iliyoshinda Safari na kurudia maisha

Wazee wanaopenda magari wanakumbuka mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita barabara za udongo za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 mashindano yale yalishindwa na Edgar Herrmann pamoja na msaidizi wake Hans Schüller, ndani ya Datsun 240Z. Ilikuwa gari ya mbio kweli: viti viwili tu, moteri ya silinda 6 zenye kupangwa mstari mmoja, lita 2.4, karbirateri mbili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda tena na gari ya aina ile ile.

Gari ile ya 1971 ilipigwa matope, mawe na mashimo sawa na yale tunayoyajua sisi kwenye barabara ya Sake na Kitshanga. Lakini mwaka 2013, miaka zaidi ya 40 nyuma ya ushindi, kikundi cha wafanyakazi wa Nissan kule Japani kiliitengeneza upya mpaka ikatembea tena. Hawakufanya kwa mshahara. Ilikuwa kazi ya kujitolea, wakati wa mapumziko yao.

Mutu atasema: wale ni Wajapani, wako na kiwanda. Ni kweli. Lakini tukumbuke jambo moja. Gari ya miaka ya 1960 ao 1970, iwe Datsun, Peugeot 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Land Rover ao Land Cruiser ya zamani, haina kompyuta ndani. Kila kitu chake unaweza kukiona kwa macho na kukifungua kwa kle na turunevisi. Gari ya leo ikikosa sensa moja inakataa kuwaka, na fundi bila mashine ya kuisoma anabaki kukisia. Njo maana gari ya muzee inaweza kufufuka kijijini, pahali ambapo gari mpya zaidi ingeshindikana.

Kwanza: gari ni ya nani, na iko pahali gani?

Kabla ya kushika kle, shika karatasi. Tafuta karte roze ya gari na ulinganishe namba iliyoandikwa pale na namba iliyopigwa kwenye shasi. Zikitofautiana, ao karatasi ikikosekana, pita kwanza kwenye ofisi inayohusika na uulize. Gari isiyo na karatasi, hata ukiifanya ing'ae namna gani, itaishia kwenye kizuizi cha kwanza.

Kama mwenye gari alikwisha kufariki, gari si yako peke yako. Ni ya warithi. Ita ndugu na dada zako, muketi, muandike kwenye karatasi: nani anatoa feza, nani anatoa kazi, gari ikianza kutembea itakuwa ya nani, na ikiuzwa feza zitagawanywa namna gani. Kila mmoja atie sinyatiri mbele ya mushuhuda. Karatasi hiyo moja inazuia ugomvi mkubwa, juu gari ikiwa imelala hakuna anayeitaka, lakini siku inapowaka kila mutu anakumbuka kwamba ni ya baba.

Kuko na jambo la pili, na hapa tunaomba watu wasikie vizuri. Kama ulikimbia vita na sasa umerudi, na gari ilibaki pahali palipopiganwa, usiisogelee haraka. Majani marefu yanayoizunguka, ao nafasi ya chini ya viti, vinaweza kuficha gerenade ao bombu ambayo haikulipuka. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome moto. Weka alama mbali, zuia watoto, na ujulishe viongozi wa kijiji ili waite watu wenye ujuzi wa kutegua mabomu. Hakuna gari yenye bei ya mguu wa mtoto.

Pili: fanya hesabu kabla ya moyo

Watu wengi wanaanza na moteri, kwa sababu moteri ikinguruma moyo unafurahi. Lakini moteri inaweza kufunguliwa, kutengenezwa, hata kubadilishwa na nyingine. Kinachoamua maisha ya gari ni mifupa yake, ni kusema shasi, sakafu, na pahali ambapo ressori na magurudumu vinashikamana na mwili.

Chukua nyundo ndogo na turunevisi ya zamani, uingie chini ya gari (tutaeleza chini namna ya kuingia bila hatari). Gonga polepole. Chuma kizima kinatoa sauti ya kengele. Chuma kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na turunevisi inaingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Angalia sana sehemu zilizopakwa mastiki ao rangi nene. Mara nyingi mastiki inaficha shimo.

Kwetu kutu iko na rafiki wa pekee. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi wenye gesi ya salfa, na upepo mara nyingi unausukuma upande wa magharibi, ni kusema upande wetu wa Masisi. Moshi ule ukichangana na mvua unaleta maji yenye asidi. Ni maji yale yale yanayokula mabati ya nyumba zetu. Gari iliyolala nje miaka 10 imenyweshwa maji yale kila masika. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kununua pyese moja, ni kuiweka gari chini ya paa, kuiosha na maji safi, na kuondoa udongo na majani yaliyojaa kwenye kona za chini. Udongo unashika unyevu, na unyevu unazaa kutu usiku na mchana.

Kisha andika hesabu yako kwenye kaye: kusudia shasi na mwili, moteri, freni, umeme, pine, karatasi. Uliza bei kwa mafundi wawili ao watatu, si mmoja. Uliza pia kama pyese zinapatikana. Kwa Land Cruiser na Land Rover si vigumu sana. Kwa aina zilizo chache, huenda utahitaji mutu wa kukutafutia Goma, ao mbali zaidi, kama soko la Kisekka kule Kampala ao Kirinyaga Road kule Nairobi, pahali panapojulikana kwa pyese. Ukimaliza kujumlisha, ongeza sehemu moja ya tatu juu yake, juu gari ya zamani kila ukifungua boloni moja inakuonyesha ugonjwa mwingine. Kama jumla hiyo inapita uwezo wa familia, hakuna haya kuiuza. Haya ni kutumia feza za masomo ya watoto na kuishia na gari iliyofunguliwa nusu.

Tatu: usijaribu kuiwasha siku ya kwanza

Hili ni kosa linaloua moteri nyingi. Mutu anakuja na batri ya kuazima, anazungusha ufunguo, anasikia krak, na moteri iliyokuwa nzima inavunjika ndani. Gari iliyolala miaka, mafuta yote yameshuka chini. Pistoni na silinda zimebaki zikavu, pengine zimeshikana kwa kutu.

Namna nzuri ni hii. Toa buji zote. Mimina kijiko cha mafuta mepesi katika kila silinda (mafuta ya moteri yaliyochanganywa na mazuti kidogo yanafaa) na uache siku mbili, tatu, hata wiki. Kisha tia kle kwenye boloni kubwa ya mbele ya moteri na uzungushe kwa mkono, polepole. Ikizunguka, shukuru Mungu. Ikikataa, usilazimishe na bomba refu. Ongeza mafuta, ngojea tena. Mwenye haraka atavunja.

Ikishazunguka huru, badilisha mafuta ya moteri na filtre yake. Toa esansi yote ya zamani. Esansi ikikaa miezi mingi inaharibika, inaacha gundi ya rangi ya asali ndani ya karbirateri na kuziba vitundu vidogo. Fungua karbirateri, uisafishe, upulize kila kitundu. Usitumie sindano ya chuma, itapanua kitundu na gari itakunywa esansi kupita kipimo. Esansi mpya, hasa ile ya kununua kwa ba-Kadhafi kando ya barabara, iweke kwanza kwenye chupa ya kioo ikae kidogo. Kama iko na maji, utayaona yamekaa chini. Halafu ipitishe kwenye kitambaa safi.

Nne: freni ndizo za kwanza, si za mwisho

Mutu akiwa na feza kidogo anasema: tuiwashe kwanza, freni tutatengeneza kisha. Kwa nchi ya milima, hesabu hiyo ni mbaya. Gari isiyowaka haimuui mutu. Gari inayowaka bila freni inaua, na kutoka huku juu kuteremka mpaka Sake hakuna pahali pa kuomba msamaha.

Mafuta ya freni yako na tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 yanaanza kuchemka kwenye digrii 205 ao zaidi. Yakishakunywa maji yanaweza kuchemka karibu na digrii 140. Ukiteremka mlima mrefu huku umekanyaga freni, zinapata moto, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia, na mguu unakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Kwa hiyo mafuta yote ya zamani yatoke, mabomba yaliyooza yabadilishwe, mipira yote ya silinda za freni iwe mipya, na mafuta mapya yabadilishwe kila miaka miwili. Usitie mafuta ya moteri ao maji ya sabuni pahali pa mafuta ya freni. Mipira itavimba na kukwama.

Pine nazo usizitazame kwa meno tu. Pine inaweza kuwa na meno yote na ikawa imezeeka. Kando yake tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho. Mfano 2319: ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka 10, ao ikionyesha nyufa, hiyo ni ya kufungia mbuzi, si ya kubebea watu.

Tano: umeme na panya

Panya wanapenda nyaya. Fuata kila waya kwa macho na kwa mkono. Uliokatwa, uunganishe vizuri na kuufunika. Usiuache uchi ukigusa chuma, juu ndiyo njia ya moto kuanza. Fuzi iliyoungua isibadilishwe na kipande cha waya ao karatasi ya sigara. Fuzi inaungua ili gari isiungue.

Batri nzima yenye kujaa, gari ikiwa imezimwa, inaonyesha karibu volti 12.6. Gari ikiwaka, inapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, dinamo ao alterneta haichaji. Pahali pasipo na umeme, panneau ya jua inaweza kuchaji batri, lakini ipitie kwenye regileta. Bila hiyo batri itachemka na kufa.

Sita: moteri inapumua tofauti kwenye mlima

Jambo hili mafundi wa mabonde wanalisahau. Kwenye mita 2,000, hewa ni nyepesi: msukumo wake uko karibu asilimia 80 ya ule wa pwani. Moteri ya karbirateri inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Na kwa kuwa hewa imepungua lakini esansi inakuja ile ile, gari inatoa moshi mweusi, buji zinakuwa nyeusi kama masizi, na esansi inakwisha mbio. Dawa si kununua moteri nyingine. Dawa ni kurekebisha karbirateri hapa hapa juu, na ikiwezekana kutia jikleri ndogo zaidi. Kisha tazama buji: rangi ya kahawia kama biskuti ndiyo nzuri.

Maji nayo huku juu yanachemka mapema, karibu digrii 93 pahali pa digrii 100. Kwa hiyo kifuniko cha radiateri si cha mapambo. Ndicho kinachoshika msukumo ili maji yasichemke haraka. Ukifunga radiateri na kitambaa ao plastiki, gari itachemka kwenye kila mpando. Na usikifungue moteri ikiwa moto, itakuchoma uso.

Mambo manne yanayoua garajeni

Kriki peke yake. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki tu. Ziba magurudumu, weka magogo mazito ya mti yaliyokatwa sawa. Usitegemee matofali wala mawe ya volkano. Yako na vitundu ndani na yanaweza kupasuka ghafla.

Tanki tupu. Watu wanafikiri tanki lisilo na esansi halina hatari. Ni kinyume. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Kamwe usisudie tanki ao karibu nalo. Litoe, liweke mbali. Na kabla ya kusudia popote kwenye gari, fungua nyaya za batri.

Moshi. Usiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi ya kaboni haina harufu, na mutu analala bila kuamka.

Vumbi. Freni na ambreyaji za zamani zinaweza kuwa na amianti, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Usizipulize na hewa. Lowesha na maji, futa na kitambaa, funga mdomo na pua, na watoto wakae mbali.

Siku ya kwanza barabarani

Anza uwanjani, pahali tambarare. Jaribu freni mara 10 kwa mwendo wa kutembea kwa miguu. Kisha kilometa moja, urudi, utazame chini kama kuko na kinachovuja. Kisha kilometa tano. Kaza tena boloni za magurudumu. Usimbebe mutu mwingine mpaka umezunguka siku kadhaa bila tatizo. Na kabla ya kwenda barabara kubwa, asiransi na kontrole ya teknike viwe tayari.

Kazi yote hii, kwa mutu mwenye shamba na watoto, inaweza kuchukua mwaka mmoja ao miwili. Hakuna ubaya. Fanya sehemu moja, uimalize, ndipo ufungue nyingine. Boloni ulizotoa zitie kwenye makopo yenye kuandikwa jina, na piga picha na telefone kabla ya kufungua kitu. Mwaka ukipita, hutakumbuka waya gani ulitoka wapi.

Na kama baada ya kugonga chuma na kufanya hesabu mumeona gari haiwezi tena, muiuze, lakini si kwa macho yaliyofungwa. Jueni kwamba moteri, jante, vioo, taa na sanduku la vitese, vikiuzwa kimoja kimoja kwa mwenye gari ya aina ile, vinaleta feza kuliko mizani ya vyuma. Gari ya baba itakuwa imefufua gari ya mwingine, na usukani unaweza kubaki nyumbani, watoto waendelee kuucheza.